Karibu ya Saa Sita

Asubuhi ile Irine alikuta mchanga chini ya mashine yake ya kuchapa. Haukuwa mwingi, labda wa kujaza kifuniko cha soda. Lakini ulikuwa mweupe, na udongo wa uani kwao ulikuwa mweusi kama masizi.

"Kaka, umeingia na viatu vya porini?"

"Mie?" Ditram alikuwa anapiga mswaki mlangoni. "Tangu juzi nimevaa kandambili. Fagia tu, mdogo wangu. Wageni wanakuja Ijumaa."

Alifagia. Siku hiyo hakufikiria zaidi.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na mjini Kilosa neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka barazani, ruksa kuwa na kampuni hata kama kampuni yenyewe ni ndugu wawili na meza moja. Shamba la mkonge walilofanyia kazi lilikuwa limefungwa. Siku ya mwisho kila mtu aliondoka na alichoruhusiwa kubeba: Irine, aliyekuwa karani, mashine ya kuchapa; Ditram, aliyekuwa dereva, jeki na tochi.

Kampuni ilikuwa wazo la Ditram. Aliiita Mji na Jangwa.

"Watu wa Dar wameona bahari," alisema, akitembea huku na huku kama mwanasiasa. "Simba wa Mikumi wameshawaona. Jangwa je? Siku ya kwanza wanashuka kwenye treni, wanazunguka mji, wanakula kuku wa kienyeji. Siku ya pili, jangwani kwa miguu. Siku ya tatu tunawapeleka Mikumi, wanaona tembo, wanapanda basi, kwao."

"Jangwa gani hilo la kuvuka kwa saa mbili?"

"Ndiyo uzuri wake. Hawafi!"

Walicheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

Pale mahali watu walipaita Jangwani. Miaka mingi nyuma mto ulihama mkondo wake, ukaacha uwanda wa mchanga mweupe usioota hata mbigiri, kwenye njia ya kuelekea Mikumi. Hakuna aliyepita pale kama anavyopita barabarani. Ulisimama ukingoni, ukapiga hodi mara tatu. Usipojibiwa, ulipita. Ukijibiwa karibu, uligeuka ukarudi ulikotoka, na mwaka ule hukukanyaga tena. Irine alilijua hilo kama alivyojua kuamkia wakubwa. Hakukumbuka nani alimfundisha.

Yeye ndiye aliyekuwa awaongoze wageni. Ditram alimwahidi. Miaka saba alikuwa amechapa safari za watu wengine, za mameneja na wakaguzi, bila yeye kufika popote, na sasa raba zake mpya zilikaa chini ya kitanda, hazijaguswa na vumbi. Usiku kabla ya kulala alizitoa, akazitazama, akazirudisha. Naye alimwamini kaka yake. Mama yao alipofariki Irine alikuwa na miaka sita, na mafuriko yalipoingia nyumbani ni Ditram aliyembeba mabegani, maji yakimfika kifuani, akimwimbia ili asitazame chini.

*

Jumanne, saa sita mchana, Irine alikuwa peke yake akichapa ratiba.

"Hodi," sauti iliita nje.

"Karibu!" alijibu bila kuinua macho. Nani asingejibu?

Hakuna aliyeingia. Pazia la mlangoni lilivimba kidogo kuelekea ndani, kisha likatulia. Irine alisubiri, akaenda kuchungulia. Uani palikuwa na kuku wawili tu, wamejibanza ukutani, midomo wazi kwa joto. Aliporudi alisikia harufu ya tope la mto, tope bichi lililotoka kufukuliwa, ndani ya nyumba ambayo haikuwa imeona mvua tangu Mei.

Jioni Ditram alipotaka maji, mtungi ulikuwa mtupu.

"Umeoga mara ngapi leo?" alitania. Lakini hakumtazama usoni.

Jumatano, saa ile ile, sauti ile ile, ya taratibu, ya mtu mwenye adabu. "Hodi hapa."

"Karibu," Irine alisema, na neno lilipokuwa bado mdomoni akatamani kulirudisha, kwa maana safari hii alisikia hatua. Sakafu yao ilikuwa ya saruji, ameipiga deki asubuhi kwa mikono yake, lakini hatua zilikwenda zikisaga, krr, krr, krr, kama za mtu anayetembea juu ya mchanga, zikapita nyuma ya kiti chake, karibu sana hata nywele za shingoni zikamsimama, zikaingia chumba cha pili kwenye mtungi, na pale akasikia kata ikiinuliwa, na mtu asiyeonekana akinywa, gu, gu, gu, bila kupumzika, bila kuvuta pumzi, kama mtu aliyekaa na kiu tangu siku mto ulipohama.

Kisha kata ikarudishwa mahali pake. Polepole. Kama anavyofanya mgeni mstaarabu.

*

"Kaka, kuna kitu humu," alimwambia usiku ule kwa sauti ya chini.

"Kitu gani?"

"Kinapiga hodi. Kinakunywa maji yetu."

Ditram alikata tonge, akalishika bila kulila. "Joto hilo. Hebu malizia ratiba, Irine. Nimeiandika upya, ipo mezani. Usibadilishe kitu."

Alhamisi asubuhi Ditram alitoka mapema. Irine aliweka karatasi kwenye mashine, akaanza kunakili mwandiko wa kaka yake, ule mwandiko uliolala kushoto aliouzoea tangu shule. Siku ya kwanza, sawa. Siku ya pili: *Kiongozi wa msafara, Ditram.* Vidole vyake vikasimama. Jina lake lilikuwa limefutwa kwa mistari miwili. Chini kabisa, mahali pa mambo yasiyowahusu wageni, palikuwa na mstari mmoja mdogo: *Saa sita kamili, Irine awe nyumbani. Mlango uwe wazi. Tupite hapo hapo.*

Alisoma mara nne. Kisha akavaa khanga yake, akaenda kumtafuta Mzee Mwinshehe.

Mzee Mwinshehe alikuwa amefanya kazi ya kukagua reli kwa miguu kwa miaka thelathini, na kwenye kipande kile hakuna aliyeujua mchanga kuliko yeye. Watu walimwendea kwa mambo ya namna hii, naye aliwapokea bila makeke. Irine alimkuta akimwagilia nyanya kando ya reli ya pembeni isiyotumika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti." Alimnusa, kweli alimnusa, akaweka ndoo chini. "Unanuka mto. Kimekuja mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ukajibu?"

"Nikajibu."

Mzee alikaa juu ya taruma la reli. Irine alimweleza yote, na mstari ule wa mwisho akausema neno kwa neno, kwa kuwa ulikuwa hautoki kichwani.

"Sikiliza, binti. Yule jini ni mwenye nyumba, na nyumba yake ni ule mchanga. Haji kwa watu mpaka aalikwe. Mtu alipiga hodi kule, akajibiwa, badala ya kurudi akasema: anza wewe kuja kwetu. Akataja nyumba, akataja na jina. Unaelewa ni kwa nini? Mwenye nyumba akiwa ziarani, nyumba haina mtu. Watu wanapita."

"Kaka yangu hawezi."

"Mimi sikumtaja kaka yako."

Treni ya mizigo ilipiga honi mbali.

"Kwa watu hukaribishwa mara tatu," mzee aliendelea. "Ya tatu, nyumba inakuwa yake na aliyemo anakuwa wake. Kule kwake mchangani, ukimkaribisha mara moja inatosha. Kwa hiyo fudikiza mtungi, mdomo chini, asikute maji. Na usijibu. Aje kwa sauti yoyote, usijibu. Aliyemwalika aende ukingoni akalifute jina lako kwa mdomo wake mwenyewe, ataje la kwake. Hakuna dawa nyingine. Ningekuwa nayo ningekupa."

*

Ditram hakukana. Hilo ndilo lililomuumiza Irine zaidi, kwamba hakuhangaika hata kutunga uongo.

"Nilikwenda kuweka vijiti vya njia," alisema, ameinamisha kichwa. "Nikapiga hodi. Nikajibiwa. Irine, yule mgeni wetu wa Dar, Melkizedek, alikuwa ameshakusanya watu wake wote ofisini kwao, wameshapata likizo. Ningemwambia nini? Jangwa limekataa?"

"Ungemwambia hivyo hivyo."

"Nilifikiri hutasikia chochote. Kwamba kitakuja, kitasimama, kitaondoka. Siku moja tu, tupite."

"Ukaniandika kwenye ratiba, kaka. Mimi ndiye ninayeichapa!"

Alilia, na Ditram akalia pia. Akamshika mikono. "Naapa kwa kaburi la mama. Jumamosi, kabla ya mguu wa mtu kukanyaga mchanga, nitalifuta jina lako. Nitataja langu."

"Unaapa?"

"Naapa."

Akamwamini. Baada ya yote, akamwamini. Alikuwa hajawahi kujifunza namna nyingine ya kumtazama.

*

Ijumaa, saa sita, Irine hakuwa nyumbani; alikuwa stesheni akipokea wageni sita. Jumamosi asubuhi waliondoka na Ditram, wamevaa kofia, wakiimba. Irine alifudikiza mtungi, akafunga mlango, akakaa mezani mikono juu ya mapaja. Saa tano. Saa tano na nusu. Bati lilianza kulia kwa joto. Kama kaka yake ametimiza, saa sita itapita kama saa nyingine yoyote.

Kisha harufu ya tope.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Ditram.

"Irine? Nifungulie, mdogo wangu. Nimelifuta jina, nimerudi mbio. Jua limenipiga. Hodi!"

Alisimama kabla hajajua amesimama, na mkono ulikuwa tayari kwenye komeo, kwa kuwa sauti ilikuwa yake kweli, na ukwaruzo wake wa sigara, na ile namna ya kuvuta jina lake mwishoni, na nje ya mlango ilianza sasa kuimba kwa kunong'ona wimbo ule wa mafuriko, wimbo ambao hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua, wimbo wa kumwambia asitazame chini, naye akatazama chini, akaona chini ya mlango mchanga mweupe unaingia, unaingia kama unga unaomwagwa taratibu, ukimfika kwenye vidole vya miguu, wa baridi, umelowa, na neno lilikuwa limeshapanda kooni, limeshajaa mdomoni, neno dogo alilofundishwa kabla ya kujua jina lake mwenyewe, akaushika mwimo wa mlango, akauma khanga kwa meno yake yote, na hakulisema.

"Hodi, Irine," sauti ikasema kwa mara ya mwisho, bila kuimba tena. Ikasubiri. Kisha hatua, krr, krr, zikaondoka.

Alikaa pale sakafuni mpaka kivuli cha nyumba kikafika ukuta wa jirani.

*

Jioni Melkizedek alifika, kofia mkononi, midomo imepasuka. Alikuwa karani wa Dar, mtu wa maneno mengi.

"Dada Irine. Uko hapa? Siku nzima ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa."

Akaegemea ukuta. "Tulifika ukingoni mapema. Akatuambia tungoje. Tukamuuliza tunangoja nini, akasema njia iwe wazi. Tulicheka."

"Pale ukingoni," Irine alisema taratibu, "alisema nini? Alitaja jina lolote?"

"Hakutaja kitu. Aliangalia saa tu. Ilipogonga sita akasema, twende, mwenyewe hayupo."

Irine alifumba macho.

"Tulifika katikati, tukapumzika. Sijui tulikaa muda gani. Tukasikia mtu nyuma yetu, mwanamke. Akasema: hodi, kaka. Ilikuwa sauti yako, dada. Ningekula kiapo. Ditram akageuka. Akacheka, kama mtu aliyeshukuru, akasema, 'Karibu, Irine.'" Melkizedek alifuta uso. "Hatukumwona akienda. Sisi sita, hakuna aliyemwona."

Aliweka kandambili za Ditram mezani, kando ya mashine. Zilikuwa zimelowa, na mchanga mweupe ulianza kudondoka kutoka kwenye nyayo zake, ingawa hakuna aliyezigusa.

Walimtafuta wiki tatu, polisi na wananchi. Mchanga haukuwa na alama hata moja.

Irine bado anaishi kwenye nyumba ile ile, mtaa wa Mabwerebwere, na anachapa barua za watu kwa mashine ile ile. Raba zake ziko chini ya kitanda. Wanaomjua hawapigi hodi kwake; wanasukuma mlango, wanaingia, na watoto wa jirani wamefundishwa hivyo wakidhani ni ukaribu. Mgeni asiyejua akiita hodi nje, atasubiri mpaka achoke.

Lakini saa sita mchana hakuna anayekwenda, hata wanaomjua. Saa ile Irine hufudikiza mtungi, akakaa mezani, akauma khanga. Nje kaka yake huita jina lake kwa upole, akalalamika kiu, akaimba kidogo. Hapo Irine huanza kuchapa. Huchapa kwa nguvu, ukurasa mzima, neno moja tu ambalo mdomo wake haulisemi tena: karibu, karibu, karibu. Kisha huichoma karatasi, na kufagia.