Kutu Chini ya Zulia

Kila Jumamosi asubuhi Msasa aliosha vyombo mbiombio, akavaa shati kuukuu la baba yake na kukimbilia uani. Huko, juu ya matofali, lilikaa gari ambalo baba alilinunua likiwa limefumuliwa nusu. Msasa alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na baba kwa sababu hakuchoka kusugua rangi ya zamani.

"Limebaki dogo tu," baba alipenda kusema. "Injini na rangi, basi."

"Hilo dogo naona linazaa kila mwezi," mama alimtania akiwa kwenye mojawapo ya cherehani zake mbili.

Siku moja baba alipokwenda dukani, Msasa aliinua zulia la gari ili afagie. Macho yakamtoka. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu. Alipoigusa kwa bisibisi, ncha ikazama kama kwenye mkate, akaona majani ya uani kupitia tundu.

Baba akijua, ataliuza gari, na zile Jumamosi zao wawili zitakwisha. Akalirudisha zulia, akalikanyaga mpaka likatulia.

Wiki hiyohiyo, wakiwa mezani, baba alikohoa kidogo. "Mke wangu, nimepata injini. Tukiuza cherehani yako moja, gari litatembea."

Mama aliacha kula. "Ile ya kudarizi? Ndiyo inayotulisha."

"Najua. Lakini gari likitembea, utapeleka nguo zako mpaka mjini."

"Una hakika imebaki injini tu?"

"Hakika kabisa."

Msasa alirudisha tonge sahanini. Baba hakuwa akidanganya, hakujua tu. Aliyejua alikuwa yeye.

"Mama, usiuze!" alisema. "Sakafu ya gari imeoza. Niliiona, nikaifunika."

Baba alikwenda uani, akainua zulia, akachuchumaa hapo kwa muda mrefu.

Kesho yake alimwita fundi wa kuchomelea, mama mmoja mcheshi. Fundi alijipenyeza chini ya gari, akagonga huku na huku, akatoka na vumbi la kutu kichwani.

"Nitaliziba, ndiyo," alisema. "Ila kazi ya huku chini itakula zaidi ya hiyo injini, na breki sijazigusa. Ndugu yangu, ukinipa kazi hii atakayefurahi ni mimi, si wewe."

Baba alicheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa kidogo. Mwisho wa mwezi gari lilivutwa kwenda gereji, likauzwa kama spea. Cherehani zote mbili zilibaki.

"Baba, umenikasirikia?" Msasa aliuliza walipokuwa wakifagia pale lilipokuwa gari. "Niliogopa tutakosa Jumamosi zetu."

"Nani kakwambia nimeziuza pamoja na gari?" Baba aliegemea ufagio. "Sikiliza, mwanangu. Hata mimi nilikosea. Nililipenda gari nikasahau kulichunguza. Lakini ulipofunika lile tundu, tulikaribia kuuza kazi ya mama yako bure. Ukiona kitu kimeharibika, niambie siku hiyohiyo, hata kama kitaniuma. Nikijua ukweli nitaumia, kisha nitapiga hesabu vizuri. Nisipojua, nitapotea na kuwapoteza nyote."

"Nimekuelewa, baba."

"Haya, shika upande huo wa turubai lililofunika gari, tulikunje."