Nilijua Mashine Zitachukuliwa, Nikanyamaza

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mbili. Mimi ni mzaliwa wa Misikhu, na leo naishi Bungoma peke yangu. Haikupaswa kuwa hivyo... Lakini haya ninayowaeleza niliyafanya mwenyewe. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyeniroga!

Nilikuwa na rafiki anaitwa Chebet, msichana wa Mlima Elgon. Chuoni tulilala chumba kimoja, tukavaliana nguo. Tulipomaliza, tukaajiriwa pamoja katika kampuni ndogo pale Kitale. Tulitengeneza programu ya simu: mkulima anapiga picha jani la mahindi, programu inamwambia ni ugonjwa gani. Kuifunza programu hiyo kutambua majani ilikuwa kazi ya Chebet. Yangu ilikuwa mashine.

Kazi kama hiyo hufanywa kwa kompyuta kubwa ambazo mtu anazikodi kupitia mtandao. Ziko za bei kamili, na ziko za bei ya chini sana. Hizo za bei ya chini ni kama chumba cha lojing'i ulichopewa kwa nusu bei: akija mteja wa bei kamili, unaambiwa beba vitu vyako utoke. Unapewa dakika mbili tu! Kama hukuwa umehifadhi kazi yako, imeenda. Kwa hivyo kila wiki nilichunguza ni aina gani zinanyang'anywa sana, nikaandika kwenye jedwali. Chebet hakusoma jedwali. Aliniuliza tu, na jibu langu alilichukua kama neno la mama yake.

Wivu uliniingia lini? Hata sijui...

Redio ilimwita Chebet kuhojiwa. Mkurugenzi akamtambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye kichwa chetu." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na sinia ya chai mkononi! Hata mchumba wangu Wanjala, mwalimu wa sekondari hapa Bungoma, akaanza kumsifu. Ati Chebet alisema hivi redioni, ati Chebet ni mkali bana. Siku moja nikamuuliza, "Si umuoe basi?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Ikafika wiki ya kuonyesha programu. Chama cha wakulima kilitualika ukumbini Bungoma siku ya Ijumaa. Msimu huo kulikuwa na ugonjwa wa kukausha mahindi, watu wanang'oa mashamba mazima. Jumatatu Chebet akaamua kuifunza programu upya, kazi ya siku tatu bila kusimama. Akaja mezani kwangu.

"Dada Nafula, nikihifadhi kila saa nitachelewa, Ijumaa itanipata njiani. Hizi mashine nimechagua ziko aje? Zinaweza nyang'anywa?"

Wasomaji, jedwali lilikuwa wazi mbele yangu! Aina ile ile aliyochagua ilikuwa imenyang'anywa karibu kila siku wiki iliyotangulia. Ningesema tu, "Chagua nyingine." Au, "Hifadhi hata mara mbili kwa siku." Maneno mangapi hayo? Lakini nilimtazama usoni, nikamsikia Wanjala akimsifu... Nikafunga jedwali.

"Hizo ziko sawa," nikasema. "Hatari ni ndogo sana. Endelea tu."

"Asante, dada. Ningefanya nini bila wewe?"

Alhamisi mchana tulienda kula chapati na ndengu. Tuliporudi, mashine zilikuwa zimeshachukuliwa. Kazi yote, tupu! Chebet alikaa chini sakafuni kama mtu aliyepokea habari za msiba. Nami nikainama, nikamkumbatia. Nilimkumbatia! Mtu anawezaje kuwa hivyo?

Ijumaa tulienda na programu ya zamani. Mzee mmoja akatoa jani mfukoni mwa koti, Chebet akalipiga picha. Programu ikasema jani ni zima.

"Zima?" mzee akafoka. "Mimi nimeng'oa shamba nzima kwa hii ugonjwa, alafu simu inaniambia mahindi ni mzima? Bana, rudini shule!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nje, mkurugenzi akauliza ni nani aliyetuaibisha. Nilisubiri Chebet anitaje... Hakunitaja.

"Kosa ni langu," akasema. "Sikuhifadhi kazi. Nafula asilaumiwe."

Akaondolewa kwenye cheo chake, nikapewa mimi. Sitawadanganya, nilifurahi! Nilipaka rangi kucha, nikampigia Wanjala nikamwambia sasa kichwa cha ofisi ni mimi.

Furaha yenyewe haikumaliza wiki. Chebet alipokuwa akinikabidhi faili, alifungua jedwali langu. Akasoma tarehe, akaona zile mashine alizochagua.

"Nafula, hii uliandika kabla sijakuuliza. Ulijua?"

Nilitaka kudanganya, ulimi ukakataa. "Nilijua."

Alichukua mkoba wake akatoka, hakurudi tena.

Nilimweleza Wanjala mwenyewe, nikidhani atanituliza. Aliniuliza jambo moja: "Kama rafiki wa miaka yote hiyo umemfanyia hivyo, mimi siku nikikuudhi utanifanyia nini?" Baada ya wiki mbili wajomba zake walifika Misikhu kumwambia mama yangu kwamba harusi haipo. Mama alilia, na hata leo hajui sababu. Kampuni nayo ikafungwa. Nani angeamini programu iliyochekwa na ukumbi mzima?

Mwezi uliopita nilijipa moyo, nikampigia Chebet. Nililia, nikaomba msamaha. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, kweli," akasema. "Lakini kazi pamoja, hapana. Kesho nikikuuliza kitu, nitajuaje kama umenijibu?"

Wenzangu, kama kuna mtu anayekuamini, na moyo wako umeanza kumchukia kwa sababu anasifiwa, tafadhali mwambie. Gombana naye, nuna, hata hama ofisi! Lakini akikuuliza kama njia ina shimo, na wewe umeliona... mwambie lipo.