Paa la Upande wa Kuni

Ndugu zangu, kila asubuhi kabla ya kahawa, jirani yetu Notburga alizunguka nyuma ya nyumba yake na kikapu, akachukua kuni zilizopangwa ukutani chini ya ukingo wa paa. Kutoka jikoni kwetu nilimsikia akiimba. Asubuhi moja ya Februari wimbo ulikatika. Ulisikika mngurumo wa theluji ikiporomoka kutoka paani.

Na mumewe, Vinzenz, ndiye fundi wa mapaa wa bonde letu lote! Kanisa, shule, hata zizi la mbuzi wetu, kote alifunga vyuma vya kuzuia theluji isiporomoke. Kwake pia alifunga, lakini upande wa barabara tu. Upande wa kuni ulibaki mtupu.

"Fundi, huko nyuma umemwachia nani?" walimtania baani.

"Huko nyuma hapiti mtu," alijibu, wakacheka.

Nyumbani Notburga alimwambia neno moja tu, kwa upole: "Ukipata nafasi, Vinzenz." Alilisema miaka sita. Vinzenz alipata nafasi kwa kila mtu mwingine.

Baba na mimi tulikuwa tukifukua theluji kwa makoleo Vinzenz alipofika mbio kutoka paa la posta, nyundo ikimgonga pajani.

"Yuko wapi?"

"Upande wa kuni," nilisema.

Akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Tulimtoa Notburga akiwa hai, ila mgongo ulikuwa umevunjika. Hatatembea tena.

Aliporudi kutoka hospitali, Vinzenz alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi uani. Nasi majirani tulikuwapo.

"Tazama, safu tatu za vyuma," alisema Vinzenz akionyesha paa. "Theluji haitashuka tena hata chembe." Kisha akamgeukia. "Mbona hukuniambia kama unaogopa?"

FUNZO

Jamani, sifa za barabarani hazimkingi aliye nyumbani. Ukiwalinda wapita njia ukamsahau anayekuwashia moto, hujalinda kitu. Nasi wenye haya tusijifiche nyuma ya maneno laini. Mimi niliiona theluji ile ikining'inia siku tatu, nikaona aibu kuvuka ua. Afadhali kusema mapema, kuliko kusema kama alivyomjibu Notburga siku ile uani, bila kupaza sauti:

"Kila niliposema 'ukipata nafasi', nilikuwa nasema naogopa, Vinzenz. Na wewe uliposema kule baani hapiti mtu, nilikuwa nimekaa ubavuni mwako."