Aliyemalizia Joho

Bi Radhiya alipompelekea mumewe kahawa, alimkuta Fundi Muhdhar amejishonea kidole gumba kwenye joho. Sindano iliingia nyamani ikatoka, uzi wa zari ukaifuata, wala hapakuwa na tone la damu. Fundi mwenyewe alikuwa akivumisha wimbo puani, uso mkunjufu.

"Bwana, kidole," akasema Bi Radhiya.

"Nimekiona," akajibu, akapiga shono jingine.

Bi Radhiya aliweka kikombe chini, akakata uzi kwa mkasi, akamfunga kidole kwa kitambaa. Kisha, kwa kuwa mwanamke huyu hakuwa mjinga ila alikuwa na harusi, akalikagua joho kama limechafuka. Halikuchafuka. Akamshukuru Mungu.

Ulikuwa Mfungo Tatu, mwezi wa mwisho wa mwaka, na mwezi unaofuata watu wa Amu hawaozi kwa kuogopa nuksi. Wazungu walikuwa wakiuana vitani huko bara, lakini hilo halikuzuia harusi hata moja. Kila aliyechelewa kuoa aliukumbuka mwezi huo huo, na kila aliyekumbuka alitaka nguo idariziwe na Fundi Muhdhar, si mwingine. Akashona mpaka akaanza kulia mbele ya sahani ya wali bila sababu. Akasahau rakaa. Siku moja alimtazama binti yake wa pekee, akamwuliza jina lake ni nani. Watu walimhurumia sana. Huyu alimwambia anywe tangawizi, yule alimwambia aende Shela akakanyage mchanga, na mwingine akamwambia azidishe nyiradi. Kila mmoja alikuwa na dawa mdomoni na nguo ya kudariziwa kwapani.

Joho la mwisho lilikuwa la Jaafar, mchumba wa binti huyo, Hadia. Jioni moja, adhana ya magharibi ikilia, Fundi alifanya jambo ambalo mafundi wa darizi hawalifanyi: aliiacha sindano imechomekwa nguoni. Wao husema sindano iliyoachwa magharibi ni karibisho, na anayekaribia humjui. Yeye hakuichomoa, wala hakupiga bismillahi.

"Amalizie atakaye," akasema, akajitupa mkekani.

Asubuhi aliamka ana nguvu za kijana.

Siku za mwanzo, hata ile ya kidole, nyumba ilifurahi. Fundi hakulia tena, hakufoka, hakuomba hata chakula. Kisha ikaja harufu ya matope ya mikoko maji yakipwa, humo ukumbini, mbali na pwani, na udi haukuifukuza. Paka akahamia kwa jirani. Na mchana mmoja, jua la utosi, mtaa mzima umelala, Hadia akiwa amejinyoosha chumbani alisikia uzi ukipita nguoni, shirr, shirr, na chini ya uzi ule wimbo wa puani, na chini ya wimbo, mbali kama mtu aliye kisimani, sauti ya baba yake ikimwita kwa jina. Akatoka taratibu huku amejishikiza ukutani, akasogea mpaka nyuma ya bega la baba yake, akaona mikono inakwenda, midomo imefungwa inavuma, na kooni, pale panapopanda na kushuka mtu akimeza, ngozi inatikisika kwa maneno.

"Hadia," ikasema ile sauti. "Mwanangu, n'tolea sindano."

Midomo ikaacha kuvuma. Shingo ikageuka polepole.

"Wataka nini, mwanangu?" Ilikuwa sauti ya upole ambao baba yake hakuwahi kuwa nao, na macho hayakupepesa.

Hadia alikimbilia kwa mama yake. Alipoanza kusimulia, Bi Radhiya alimziba mdomo kwa kiganja. "Sema taratibu. Yuasikia."

Mtu akatumwa ng'ambo, bandari ya Mtangawanda, akarudi na Mwalimu Abdulhalim wa Pate, mtoa majini wa makamo mwenye mafua na hasira za karibu. Akatia ubani katika chetezo cha makaa, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Mikono haikuacha kushona.

"Ina lako nani?" akauliza Mwalimu.

"Halikuhusu."

"Umekuya kufanyani kwa mja wa Mungu?"

"Nalikaribishwa. Ameata sindano, akaita, n'kaya. Nimemkosea nini? Kazi haimshindi tena."

"Toka."

"Joho likichomwa kabla ya kwisha, n'tatoka. Likifungwa fundo la mwisho, mwili huu ni wangu."

Mwalimu akapenga kamasi, akamgeukia Hadia. "Wewe ndiwe damu yake. Litie motoni. Limesalia ua moja la ukosini, usikawie."

Hadia akalishika joho, na mikono ya baba yake ikaliachia. Jicho la kushoto la Fundi likaanza kutoka machozi, hilo moja tu, huku la kulia likiwatazama wote kwa adabu.

"Mwezi unakwisha, Hadia," Bi Radhiya akanong'ona. "Jamaa zake Jaafar hawatangoja mpaka mwaka mwingine. Yuko binti wa ami yake, wallahi wamuweka tayari."

Hadia alilijua hilo. Alilijua usiku na mchana. Akalikunjua joho karibu na makaa, na zari ikawaka. Mashono yalikuwa madogo hata hayakuonekana. Amu nzima hakuna aliyewahi kutoa kazi kama ile, wala baba yake mwenyewe alipokuwa mzima.

"Mama, Jaafar atavaa nini?"

"Ndilo hilo."

Hadia akalikunja vizuri, akalirudisha magotini pa baba yake. Hakulitazama lile jicho. Ukatili huu tusimsingizie jini.

"Mimi nimeshasoma," akasema Mwalimu Abdulhalim, akachukua bakora yake na kuondoka. Ua la mwisho likashonwa, fundo likafungwa, na jicho la kushoto likakauka.

Harusi ilifana. Watu walilisifu joho kuliko bwana harusi, na kabla hata ya ngoma kunyamaza, nguo mpya zilikuwa zimerundikwa ukumbini mpaka dirishani. Bi Radhiya alizipokea zote. Mwezi uliisha, ukaanza mwaka mpya, fundi wake asiinue kichwa.

Baada ya fungate Hadia alikuja kuwaamkia wazazi, mikono imejaa hina. Akainama kuubusu mkono wa baba yake. Ulikuwa baridi na ulinuka matope. Kooni, ngozi ikatikisika.

"Mwanangu," ikasema ile sauti kutoka mbali kabisa, "n'mechoka."

Hadia aliisikia vizuri. Akafungua furushi alilokuja nalo, akatoa kitambaa cheupe cha kofia ya mumewe, akakiweka magotini pa baba yake.

"Si haraka, Baba," akasema.