Kazi ya Kukaa Chini

Kila jioni, akishaosha vyombo na kukunja sare yake ya shule, Chapuchapu alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko hesabu za sehemu. Kazi yenyewe ilikuwa kuchambua mbegu za miti. Aliketi kwenye mkeka barazani, ungo mapajani, akatenga mbegu nzima upande huu na mapepe upande ule. Mapepe ni mbegu tupu, ganda lisilo na kitu ndani. Ukizitazama kwa macho zote zinafanana kama watoto pacha. Vidole ndivyo vinavyojua, kwa kuwa mbegu nzima ina uzito kidogo na pepe halina.

Vidole vya Chapuchapu havikuwa na nafasi ya kujua chochote. Jina hilo la utani hakulipata bure. Alikula chapuchapu, akafagia chapuchapu na kuacha taka pembeni, akasali chapuchapu mpaka Mungu mwenyewe huenda alimwomba arudie. Mbegu nazo alizichota kiganjani, akazitupia jicho moja, akazimwaga upande wa nzuri ili apate kuondoka.

Mama yake alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Kutwa nzima aliinama, akijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki, na kupanda mbegu humo. Akirudi nyumbani aliketi kizingitini, akavua viatu, akabaki kuvitazama kama mtu aliyesahau alichokijia. Siku hiyo, Ijumaa, alikuwa amechoka kuliko kawaida.

"Nusu ya viriba havikuota," alisema. "Msimamizi ameniambia nirudie safu nzima, na kesho niende ingawa ni Jumamosi. Mgongo huu, wanangu, sijui nitaazima wa nani."

"Labda mbegu zilikuwa za zamani," Chapuchapu alisema, macho yake ukutani.

Shangazi yake, dada wa baba, alikuwa pembeni akinoa kisu. Yeye ndiye aliyeokota mbegu hizo msituni na kuziuza pale kitaluni. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, na machache hayo yalichoma.

"Mbegu niliziokota mwenyewe mwezi uliopita," alisema. "Hazijazeeka. Zimechambuliwa na mtu aliyekuwa na safari."

Chapuchapu alijiinamia. "Shangazi, kazi ile inachosha. Mtu unakaa tu!"

"Kukaa nako ni kazi. Mkono ukipata shughuli, moyo unapata kiti. Kesho utakuja nami msituni ukaone mbegu zinakotoka."

"Na mimi!" alidakia mdogo wake. Alikuwa na miaka saba, lakini wote walimwita Kibabu, kwa sababu alitembea polepole, mikono nyuma, akiuliza maswali kama mzee wa baraza.

Mama alitaka kukataa. Alifungua kinywa, akapiga mwayo, kisha akasema tu, "Chapuchapu, huyu namweka mikononi mwako. Usimwache."

Asubuhi waliondoka na gunia, chupa ya maji ya bati, na upembo, ule mti mrefu wenye ndoano ya kuangulia matunda. Walipanda kilima mpaka magoti yakalalamika. Msituni, Shangazi aliwasimamisha chini ya mti mkubwa uliopigwa mkanda wa rangi nyeupe shinani.

"Huu ni mti mzazi," alisema. "Mbegu zake ndizo tunazozitaka. Sasa nisikilizeni. Wakusanya mbegu tuna ugonjwa wetu. Tunatembea shingo juu, tukitafuta maganda yaliyokauka matawini, na macho yakiwa juu miguu huenda inakotaka. Mkinipoteza, kaeni chini. Aliyepotea akae, asiyepotea atembee. Wote tukitembea, nani atamkuta mwenzake?"

"Sawa, Shangazi," alisema Chapuchapu. Hata hilo alilijibu chapuchapu.

Waliokota maganda yaliyoanguka. Baada ya muda Chapuchapu aliinua macho, akaona mti mwingine uliojaa maganda kuliko ule wa kwanza. Akaenda. Pale akaona mwingine, mzuri zaidi, akaenda tena, na Kibabu nyuma yake akiburuta gunia. Shingo juu, shingo juu. Alipoishusha kujifuta jasho, ukungu ulikuwa umeingia kati ya miti, mweupe na baridi, na mkanda wa rangi haukuonekana popote.

"Shangazi!" aliita. Hakujibiwa.

Miguu yake, iliyozoea haraka, ikasema: njia iko pale, kimbia! Akamshika Kibabu mkono, akakimbia.

"Dada, unaijua njia?"

"Naijua. Twende!"

Hakuijua hata kidogo. Walipita kwenye miiba, wakateleza kwenye matope, wakaita mpaka sauti zikakauka. Ndala moja ya Kibabu ilinasa kwenye tope. "Achana nayo!" alisema Chapuchapu, akamvuta. Walikunywa maji kwa pupa, mengine yakamwagikia kifuani. Waligeuka kushoto kwa sababu kulionekana kweupe, kisha kulia kwa sababu kushoto kulitisha. Kila mti ulikuwa ndugu wa mti uliopita. Kibabu aliacha kuuliza, na huko kunyamaza kwake kulimwogopesha Chapuchapu kuliko ukungu wenyewe.

Walitembea hivyo hadi miguu ikawa mizito kama si yao. Ndipo Kibabu alipotoa sauti ya furaha.

"Dada! Ndala yangu!"

Kweli, ilikuwa pale topeni, kamba yake ikichungulia. Kibabu aliichomoa, akaifuta majanini, akaivaa. "Kumbe imetufuata," alisema.

Chapuchapu aliitazama ndala ile, nguvu zikamwishia. Mbio zote zile, michubuko yote ile, na walikuwa wamerudi palepale. Aliketi chini si kwa sababu alikumbuka alichoambiwa, bali kwa sababu magoti yalikataa. Akalia kilio cha mtu aliyechoka, kisicho na sauti.

"Kibabu," alisema mwishowe, "nilikudanganya. Siijui njia. Sijui hata tulipo."

Kibabu alifikiri, mikono nyuma. "Basi tungekaa tangu mwanzo," alisema. "Miguu inaniuma."

Aliyepotea akae. Maneno ya Shangazi yalimrudia sasa, yakiwa yamechelewa lakini yamefika. Kukaa ni rahisi kusema, ila mwili mzima ulimkatalia. Kila jani lilipodondoka alitaka kuinuka. Kichwani mwake mawazo yaligombana: chui, baridi, usiku, Mama ameketi kizingitini. Kama angeendelea kuyasikiliza, alijua angemshika tena mdogo wake mkono na kukimbia.

Akavuta gunia. Akatandika khanga aliyojifunga kiunoni, akamwaga maganda juu yake.

"Tunafanya nini?" aliuliza Kibabu.

"Tunachambua. Pasua ganda, toa mbegu, nipe mimi."

Mwanzoni mbegu zilimponyoka. Kisha akaishika moja kati ya vidole viwili, akaipima. Nzima. Nyingine, pepe. Nyingine, nzima. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na mahali pa kukimbilia, basi akaipa kila mbegu muda wake. Pumzi ikateremka. Uchovu ulikuwapo bado, mgongoni na machoni, lakini hofu ilisogea kando kidogo, ikampa nafasi ya kufikiri.

Alitikisa chupa, akasikia maji kidogo yaliyobaki. "Tutakunywa funda moja moja," alisema. Alihisi upepo wa baridi, akaona shina lililoanguka karibu, akamhamishia Kibabu nyuma yake. Wakakusanya majani makavu, wakayakalia, na gunia akamfunika nalo mabegani. Hayo yote yangewezekana tangu mapema. Alikuwa hajapata kuyaona, maana alikuwa akipita kwa kasi.

Wakarudi kwenye mbegu zao. Mwanga ulianza kupungua, macho yakawa hayasaidii tena, na vidole vikaendelea vyenyewe.

Katika ukimya huo alisikia kitu. *Ko. Ko. Ko.* Mbali sana, kama mtu agongaye bati.

"Shangazi!" Kibabu aliruka wima. "Twende, dada! Yuko kule!"

Chapuchapu naye alikuwa amekwisha kusimama. Kule wapi? Katika ukungu, sauti ilitoka mbele, ikatoka nyuma, ikatoka juu. Miguu ikamwambia tena: kimbia, atapita, atawaacha! Kibabu alikuwa akimvuta, machozi yakimtiririka. Hakuna jambo alilowahi kulitaka kama alivyotaka kukimbia wakati ule.

"Kaa," alisema, sauti ikikwaruza. "Kaa, Kibabu. Yeye ndiye atembee."

Akaketi, akamkalisha mdogo wake mapajani, akamshika kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akaokota jiwe, akagonga chupa ya bati. Ko, ko, ko. Akanyamaza, akasikiliza. Sauti ya mbali ilikatika. Kimya kikawa kirefu, Kibabu akilia kifuani pake, naye akiuma meno ili miguu isimshinde. Kisha ikajibu, na sasa ilikuwa karibu kidogo.

Waliendelea hivyo, wakigonga na kusikiliza, hadi upembo ulipotokeza ukunguni kwanza, na Shangazi nyuma yake.

Shangazi hakuwakumbatia, wala hakuwagombeza. Aliketi chini puu, akanyoosha miguu, kopo la chuma mkononi. Kilemba kilikuwa kimemtoka kichwani, kikining'inia shingoni. Chapuchapu alielewa kwamba mtu mzima naye huogopa.

"Nimegonga kopo hili tangu ukungu ushuke," alisema alipopata pumzi.

"Hatukusikia, Shangazi."

"Mngesikiaje? Mbio zina kelele. Hofu nayo ina kelele zaidi." Alitazama vilima viwili vya mbegu juu ya khanga. Akachota zile za upande wa nzuri, akazipima kiganjani, akazipitia kwa kidole gumba moja baada ya nyingine. Hakukuta pepe hata moja.

"Nilikimbia kwanza," Chapuchapu alisema. "Nilikimbia sana, na nikamdanganya Kibabu kwamba naijua njia. Nilikaa nilipochoka."

"Umekaa, na sauti yangu ilipokuja hukuikimbilia. Hapo hukuwa umechoka tu." Shangazi alimvuta Kibabu, akamfunga kilemba chake kifuani. "Sikilizeni, wanangu. Msitu hauna haraka na mtu. Anayepotea humalizwa kwanza na kichwa chake mwenyewe: kinamkimbiza, kinammwagia maji, kinamvua viatu, mpaka nguvu zinakwisha bure. Njaa na baridi vinakuja baadaye, vinakuta kazi imekwisha kufanywa. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuokoa ni moyo. Ukalishe chini, uupe shughuli, uuambie ukweli. Hapo ndipo akili inarudi, na akili ndiyo itakayotafuta maji na kivuli na njia. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Safari hii alijibu polepole.

Mti wenye mkanda mweupe haukuwa mbali. Hilo lilimuuma Chapuchapu njia nzima ya kurudi.

Mama alikuwa kizingitini, viatu miguuni, tayari kutoka kuwatafuta. Aliwashika wote wawili kwa pamoja, akawabana mpaka Kibabu akalalamika kwamba anakosa hewa. Chapuchapu hakutaka kungoja kesho.

"Mama, mbegu hazikuwa za zamani. Ni mimi. Sikuzichambua, nilizimwaga tu. Mgongo wako umeuma kwa sababu yangu."

Mama alivuta pumzi ndefu. "Nilijua," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Akamfuta tope shavuni kwa kidole. "Kosa ulilolisema lina dawa. Ulilolificha ndilo linalorudi kila msimu. Kesho tutaanza upya."

Kesho yake jioni, Chapuchapu aliosha vyombo, akatandika mkeka, akaweka ungo mapajani. Aliichukua mbegu ya kwanza, akaipima vidoleni, akaitua. Akaichukua ya pili. Mama alikuwa ameketi kizingitini, amevua viatu vyake, akimtazama.

Kibabu alitokea uani, mikono nyuma. Alisimama akamwangalia dada yake alivyokaa ametulia, akichambua moja, kisha nyingine, bila haraka yoyote. Wasiwasi ukamwingia usoni.

"Dada," aliuliza, "kwani tumepotea tena?"

Mama aliangua kicheko, akacheka mpaka akashika mgongo wake, akaendelea kucheka. Kisha aliinuka, akaja taratibu, akaketi mkekani karibu na binti yake, na kuchota mbegu zake kiganjani.