Aliyeuona Utosi

Kitu cha kwanza kuharibika nyumbani kwa Fundi Kola kilikuwa umbea.

Dada yake, yule aliyeitwa Kijiko kwa kupenda kukoroga mambo ya watu, alikuwa na kipaji. Akichungulia tundu la ufunguo, anakusimulia tundu la ufunguo: kiatu kimoja, ncha ya gauni, mengine jazia mwenyewe. Lakini wiki ile wifi yake alipojifungua, Kijiko akaanza kusimulia bila tundu. Jirani kaficha nini chini ya godoro. Mteja anawaza nini akipimwa kiuno. Watu wakacheka mpaka mbavu zikauma. Sisi wambea tuna sheria moja tu, useme ulikuwa umesimama wapi, na siku hizo hakuna aliyemuuliza.

Nyumba ikaingiwa na harufu ya nywele zilizoungua. Fundi akalaumu pasi. Darini kukakwaruzwa mchana kweupe. Akalaumu panya.

Alasiri moja mtoto akakutwa kabadilika rangi, mto uko usoni. Alizinduka kwa kudra tu. Kijiko akasimama mbele ya cherehani.

"Ni mkeo, kaka," akasema taratibu. "Nimemwona kwa macho yangu. Kaupa mlango mgongo, kainama, mto kaushika kwa mikono miwili. Kovu la utosini linameremeta kwa jasho. Na mtoto kule chini ya mto kafumbua macho."

Fundi akaanza kutia nguo za mkewe kwenye sanduku. Mama aende, mtoto abaki. Mama wa watu akalia bila sauti, maziwa yanamlowesha kifua.

Ndipo Mkunga akaingia kumwangalia mzazi. Bibi huyo alizalisha nusu ya mtaa, na nusu iliyobaki aliipunga pepo. Akasikiliza kesi yote, kisha akageuka.

"Kijiko mwanangu, ulisimama wapi?"

"Mlangoni, bibi."

"Wifi yako kakupa mgongo, kainama. Utosi umeuonaje? Na kule chini ya mto uliingia na nani?"

 Kijiko akatazama mikono yake kama kaazimwa.

"Bibi," akanong'ona, "mimi nilikuwa jikoni."

"Basi simulia jikoni. Usitoke humo hata hatua."

Akaanza: kisu, kitunguu kilichokatwa nusu, ukuta mweusi kwa moshi, cherehani inasikika kwa mbali, na kila ulimi ulipotaka kutambaa kwenda chumbani Mkunga akamkaza kifundo cha mkono, "Rudi jikoni," na kule darini kucha zikakwaruza kwa hasira, zikapita juu ya cherehani, juu ya sanduku, zikasimama juu ya vichwa vyao, na harufu ya nywele zilizoungua ikawakaba koo wote, mpaka Kijiko, jasho linamtiririka, akafika pale alipolazimika kusema, "Sikuona. Sijui kilichotokea," na alipokwisha kusema sijui akaanguka kifudifudi, na juu kukawa kimya.

"Mtu ana kisogo, wanangu, kuna upande asiouona," Mkunga akasema akihema. "Huyu aliyekuwa akisema humu hakuwa nacho."

Fundi akapindua sanduku, nguo zikamwagika sakafuni, akapiga magoti karibu na kitanda. Mkewe alikuwa akimnyonyesha mtoto.

"Nisamehe, mama. Nieleze wewe. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala," akajibu, macho kayafumba. "Nimelala ubavu, mdomo wazi kidogo, nywele zimenigandia kisogoni. Wewe uko cherehani, unamwaza yule wa sketi ya buluu. Mkunga yuko njiani, kiatu cha kushoto kinambana."

Mkunga hakuwa amemwambia mtu habari za kiatu. Akainuka polepole.

"Nipe mtoto, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, ile ya kubembelezea wazazi wenye uchungu. "Nimpakate, nawe upumzike."

Mke hakufumbua macho. Akamkumbatia mtoto, akambana kifuani, akaendelea kusimulia kwa upole, kama mtu asiyekuwa na haraka wala hasara.

"Wanakimbilia kitanda," akasema.

Hakuna aliyekuwa amenyanyua mguu.

"Hawafiki."

Na sauti ya kunyonya ikakoma.