Hesabu ya Uji wa Gumbo

Kila Jumapili baada ya kanisa, Zilpah alimsaidia mama yake, Rita, kunakili uzito wa watoto wa mtaa wa Gumbo, waliopewa uji na shirika la mama huyo na wasiopewa. Jumapili hii ya Julai 2016 hakukuwa na kanisa. Jana yake Sudan Kusini ilitimiza miaka mitano ya uhuru, na leo Juba ilirindima mizinga. Walikuwa wamejifungia kwenye korido, sakafuni, mbali na madirisha. Pamoja nao alikuwamo Janepher, Mganda aliyepika uji ule. Vita vilimkuta amekuja kuchukua unga.

Mtandao ukirudi, ripoti ilitakiwa kwa wafadhili: je, uji unasaidia? Kama hausaidii, wangeukatiza.

"Piga hesabu mara mbili," Mama alimwagiza. "Kwanza, linganisha wanaokunywa uji na wasiokunywa. Pili, linganisha kila mtoto na yeye mwenyewe: miezi ya uji na miezi isiyo na uji. Majibu yakikubaliana, tutatumia njia ya kwanza. Yakipingana, kuna jambo limejificha."

Njia ya kwanza iliisha upesi. Ya pili ilikuwa na watoto arobaini, mmoja mmoja, na korido ilikuwa na joto kama tanuri. Uvivu ni mshauri mtamu. Zilpah akafunga daftari.

"Umefanya zote mbili?"

"Ndiyo, Mama. Zinakubaliana. Wanaokunywa uji ndio waliokonda zaidi. Hausaidii."

Janepher akaruka. "Haisaidii? Awien alikuja hawezi kusimama, sasa anakimbia! Mkitoa uji, huyo mtoto atakula nini?"

"Hata mimi naumia, dada Janepher," Mama akasema, "lakini hesabu ndiyo hiyo." Akaanza kuandika kwenye simu.

Nje risasi, ndani uongo wa Zilpah, na hapakuwa na pa kukimbilia. Mara simu ikalia.

"Mtandao umerudi," Mama akasema.

"Usitume, Mama! Nimekudanganya. Ya pili sikuifanya." Akaangua kilio kwa aibu.

Mama akamrudishia daftari. Wakaanza upya, wote watatu. Awien bila uji: kilo tisa. Awien na uji: kilo kumi na moja. Karibu kila mtoto aliongezeka uzito.

"Basi mbona wanaokunywa ndio waliokonda?" Zilpah akauliza.

"Si tulianza na wale wamekonda sana!" Janepher akacheka huku machozi yakimtoka. "Wale wako na nguvu, tuliwaambia wangoje."

Ripoti ya kweli ikatumwa: uji unasaidia. Mizinga haikunyamaza.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," Mama akasema, akimvuta Zilpah karibu. "Leo ilibakia kidogo tu imfikishe Awien kwenye njaa. Ukichoka, mwanangu, sema umechoka, nami nitakusaidia. Usiseme umemaliza."